Neno "jambazi": asili yake ni ipi, na mpaka wake na mwizi, mnyang'anyi, haramia na jangili uko wapi?

Mhariri_Zamu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua asili ya neno *jambazi*. Nimekuta maelezo matatu yasiyopatana: la kwanza, limetokana na *jambia*, kwa kuwa watu hao walitembea na visu kiunoni, la pili, ni Kiarabu moja kwa moja, la tatu, ni la Kibantu lenye mwisho wa -zi kama *mkwezi* na *mchukuzi*. Lipi sahihi, na mtu anathibitishaje badala ya kubahatisha?

Pili, ni la kikazi zaidi. Je, jambazi ni kosa linalotambulika kisheria, au ni neno la mtaani tu? Kichwa cha habari "Majambazi watatu mbaroni" kina tatizo lolote?

Mzizi_na_Tawi

Yote matatu yamekosea, ingawa la jambia limekosea kwa namna ya kuvutia. Nitalirudia.

Jambazi ni Kiajemi: *janbaz*, na *a* zote mbili huko ni ndefu. Neno hilo ni mawili yaliyoshonwa. *Jan* ni uhai, roho. *Baz* ni shina la kitenzi *bakhtan*, kucheza mchezo wenye kushinda na kushindwa, kuweka dau. Janbaz basi ni aliyeiweka roho yake dau. Humo ndani hamna wizi wala silaha, kuna ujasiri tu wa mtu asiyejali kufa. Kiajemi kina ndugu yake wa karibu, *sarbaz*, askari, yaani aliyeweka kichwa chake dau, maana *sar* ni kichwa. Hiyo *sar* unaitamka kila siku bila kujua: *serikali* ni *sar* na *kar*, kichwa na kazi. Na *kar* hiyohiyo imo kwenye *karakana*, nyumba ya kazi.

Sasa uthibitisho. Usianze na maana, anza na sauti. Maana huyumba sana safarini, sauti hubadilika kwa kanuni.

Kanuni ya kwanza: *n* ikikutana na *b* katika neno la mkopo, Kiswahili huigeuza *m*. *Minbar* imekuwa mimbari, *anbar* imekuwa ambari, *janbiyya* imekuwa jambia. Kwa hiyo *janb-* kuwa *jamb-* ndicho hasa tulichotarajia.

Kanuni ya pili: neno la kigeni likiishia na konsonanti, tunalipa irabu ya kulifunga, na baada ya *z* mara nyingi huwa *i*. Linganisha *jahaz* na jahazi. *Baz* inakuwa bazi kwa njia hiyohiyo. Urefu wa irabu hupotea, kama ulivyopotea kwenye jahazi. Neno zima limehesabika, herufi kwa herufi, bila baki.

Hapo ndipo hoja ya jambia inapoanguka. Jambia imetoka kwa *janb*, ubavu: ni kisu cha kuvaliwa ubavuni. *Jamb-* za mwanzo zinafanana kwa sababu zote mbili zimepita kwenye kanuni ileile ya *nb* kuwa *mb*, si kwa sababu ni ndugu. Ukilazimisha jambazi litoke kwa jambia, ile *-azi* inabaki mkononi na huna pa kuiweka. Asili inayoacha nusu ya neno bila maelezo si asili, ni mfanano tu.

Ukimaliza sauti ndipo uulize maana, na hapa pana utamu wake. Neno hili limetembea nchi nyingi, na kila nchi imelipa sura yake:

Iran ya leo, janbaz ni jina la heshima la aliyejeruhiwa vitani, hasa vita na Iraq vya 1980 hadi 1988. Kihindi na Kiurdu: shujaa, jasiri. Kituruki wanaandika *cambaz* lakini *c* yao husomwa kama *j* yetu, na maana ni mwanasarakasi anayetembea juu ya kamba. Pia ni dalali wa farasi, mtu ambaye ukinunua kwake lazima umkague mnyama meno. Kiromania kimechukua hiyo ya farasi tu: *geambaș*. Kiarabu kina *jumbaz*, mazoezi ya viungo. Kiswahili tukaishia na mhalifu.

Panga hizo na daraja linaonekana: anayecheza na roho yake, kisha mchezaji wa kamba na viini macho, kisha mjanja wa sokoni, kisha laghai, kisha mnyang'anyi. Msomaji akiruka kutoka "shujaa" hadi "mnyang'anyi" kwa hatua moja ataona haiwezekani. Akiona ngazi za katikati, kila moja ikiwa hai mahali fulani, ubishi unaisha. Hata kwetu jambazi wa zamani alikuwa laghai na ayari zaidi kuliko mtu wa bunduki. Bunduki imekuja baadaye.

Na nimetaja *ayari* makusudi. Nalo limepitia njia ileile. Huko Uajemi na Baghdad za karne za kati, *ayyar* alikuwa mpiganaji wa vikundi vya mitaani, mtu wa murua kwa wanaompenda na mhuni kwa wanaomwogopa. Yaqub bin Laith, mwanzilishi wa ufalme wa Wasaffari katika karne ya 9, aliinukia humo. Kwetu ayari amebaki mdanganyifu mtupu. Maneno mawili ya ushujaa yamevuka bahari na yote yamefika yakiwa yamechafuka.

Kijiti_Kavu

Mkuu Mzizi, sauti umezieleza vizuri, lakini umeipita haraka mno hoja ya Kibantu. Mwisho wa -zi upo na una kanuni: kwea, mkwezi, chukua, mchukuzi, nunua, mnunuzi, pagaa, mpagazi. Hiyo *mpagazi* ina *-azi* kabisa. Kwa nini isiwe kitenzi cha zamani kilichokufa?

(Na wale wanaojiandaa kutania kuhusu *kujamba*, huyo angekuwa mjambaji. Tuendelee.)

Mzizi_na_Tawi

Swali zuri, na jibu limo ndani ya mifano yako mwenyewe. Yote minne ina *m-* mbele. Nomino ya mtendaji inayoundwa kwa kitenzi cha Kibantu huingia ngeli ya m-/wa-: mkwezi, wakwezi. Jambazi lingekuwa *mjambazi*, wingi *wajambazi*. Halikuwa hivyo. Wingi ni majambazi, na huko kwenye ji-/ma- ndiko tunakowahifadhi wageni wengi wenye vyeo na sifa: bwana, waziri, karani, jemadari, haramia, jangili.

Kipimo cha pili: kitenzi kikifa huacha mabaki. Angalia jamaa wa *mwizi*: iba, ibia, ibiwa, wizi, mwivi. Jambazi ina kizazi kimoja tu, *ujambazi*, na huo tunaweza kuupachika kwa mgeni yeyote. Hakuna kujambaza, hakuna kujambazia. Neno lisilo na kitenzi nyuma yake mara nyingi limeshuka melini likiwa zima.

Nyuma_ya_Neno

Naongezea hapo kwenye ngeli, maana inaeleza pia kwa nini *mhalifu* ni wahalifu ingawa nalo ni la kigeni.

Kiarabu huunda mtendaji wa vitenzi vingi kwa kuweka *mu-* mbele: *musafir*, *mu'allim*, *munafiq*, *mukhalif*. Sikio la Mswahili likaisikia *mu-* hiyo kama *mu-* yetu ya mtu. Basi wageni hao wakapita mlango wa wenyeji: msafiri/wasafiri, mwalimu/walimu, mnafiki/wanafiki, mhalifu/wahalifu. Jambazi na haramia hawakuja na *mu-*, wakaingia mlango wa pili. Ni bahati ya sauti tu, haina uhusiano na uzito wa kosa.

Mhalifu ana ukoo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mzizi ni kh-l-f, unaohusu nyuma na kufuatia. Kutoka hapo tuna *khalifa*, anayefuata nyuma ya mwingine na kushika nafasi yake. Tuna *hitilafu*, tofauti, na sasa kasoro ya mtambo. Na tuna *halifu*, kwenda kinyume. Ndiyo maana kamusi zina *halifu* mbili: moja kuvunja amri, nyingine kuacha mali baada ya kufa. Kwa Kiarabu hizo ni vitenzi viwili vya mzizi huo: *khallafa*, yenye *l* iliyokazwa, ni kuacha nyuma, na *khalafa* yenye irabu ndefu ya kwanza ni kupingana. Kiswahili hakitofautishi mkazo wala urefu huo, zikagongana. Ukisoma maandishi ya zamani ya mirathi na kukuta marehemu "amehalifu nyumba na shamba", usidhani alivunja sheria. Aliviacha.

*Haramia* ana mzizi mwingine, h-r-m, uleule wa haramu. Na ana kituko chake. Kwa Kiarabu mwizi mmoja ni *harami*, na wengi ni *haramiyya*. Sisi tumechukua ule wingi tukaufanya mmoja, kisha tukaongeza ma- juu yake. Maharamia ni wingi wa wingi. Hakuna haja ya kusahihisha, lugha imeshakubali.

Pwani_Kaskazini

Kwa wanaosoma magazeti ya nchi zote mbili, tahadhari kuhusu *jangili*. Tanzania, jangili ni mwindaji haramu, anayeua tembo na faru, na ujangili ni uwindaji huo. Kenya, jangili ni mtu wa genge lenye silaha linalovamia vijiji na kuiba mifugo, na habari za "ujangili Bonde la Kerio" hazina tembo hata mmoja ndani yake. Habari ikitolewa Nairobi na kunakiliwa Dodoma bila kubadilisha neno, msomaji anapata tukio jingine kabisa.

Asili yake inaruhusu zote mbili. Kihindi *jangal* ni pori, na *jangali* ni cha pori, mtu wa pori, asiyestaarabika. Tanzania imeshika pori lenyewe na wanyama wake, Kenya imeshika ukali wa mtu anayetoka humo. Ukiandikia wasomaji wa pande zote, sema *mwindaji haramu* kwa la kwanza na *mwizi wa mifugo* au *genge lenye silaha* kwa la pili. Umeongeza neno moja au mawili, umeokoa maana.

Kuna na *shifta* kwa Kenya, yaani mporaji au mwasi, kutoka Kiamhari, iliyopata umaarufu wakati wa vita vya kaskazini-mashariki vya 1963 hadi 1967. Hilo msilitumie kama kisawe cha jambazi. Limebeba historia ya watu wa eneo moja, na ukilitumia leo kwa mwizi wa kawaida unawagusa wasiohusika.

Jambo jingine dogo. *Mwivi* si kosa la tahajia. Kwa kanuni, ndiyo sura inayotarajiwa: gomba hutoa mgomvi, iba hutoa mwivi, *b* inageuka *v*. Kwenye Kimvita, lahaja ya Mombasa, wanaitumia na mashairi yamejaa nayo. *Mwizi* ndiyo ya sanifu. Mhariri asiifute anaponukuu shairi, ataharibu kina.

Kizimba_cha_Pili

Nijibu upande wa sheria, maana hapo ndipo vichwa vya habari vinapoumia.

Ujambazi si jina la kosa. Hati ya mashtaka haiandikwi "alifanya ujambazi". Kwa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapanga ngazi kwa ngazi. Nafuata namba za toleo la 2019. Sheria zikipangwa upya namba nazo husogea, kwa hiyo kagua toleo ulilonalo kabla ya kuchapisha.

Wizi uko kifungu cha 258, na adhabu yake ya jumla 265. Ni kuchukua mali ya mtu kwa hila na bila haki. Nguvu hazihitajiki. Anayechomoa simu mfukoni bila mwenyewe kujua yuko hapa.

Unyang'anyi uko 285. Ni wizi pamoja na nguvu au tishio la nguvu, wakati wa kuiba, mara kabla yake au mara baada yake, kwa nia ya kupata mali au kuibakiza. Hiyo "mara baada" husahaulika. Aliyechukua kimya kimya kisha akampiga mwenye mali aliyemfuata ili asinyang'anywe, ameshatoka kwenye wizi.

Unyang'anyi wa kutumia silaha uko 287A, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Hapa lazima viwepo vitatu kwa pamoja: wizi, silaha ya hatari, na nguvu au tishio la kuitumia. Kikikosekana kimoja shtaka linashuka. Mtu akikutwa na panga begani lakini hakulitumia wala hakutishia nalo, upande wa mashtaka una kazi ngumu.

Kenya mpangilio ni mwingine. Wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha sheria ya makosa ya jinai, Sura ya 63, unahitaji kimoja kati ya vitatu: silaha ya hatari, au kuwa na mwenzako mmoja au zaidi, au kumjeruhi ama kumpiga mtu. Kimoja kinatosha. Watu wawili mikono mitupu wanaomnyang'anya mpita njia mkoba wanaweza kusimama chini ya kifungu hicho, na sheria imekiwekea adhabu ya kifo. Kwa hiyo usitafsiri "wizi wa mabavu" wa Kenya kuwa "unyang'anyi wa kutumia silaha" wa Tanzania. Si kitu kimoja. Kwenye habari ya Kenya huenda silaha haikuwepo kabisa.

Sasa kichwa chako, "Majambazi watatu mbaroni". Ndiyo, kina tatizo. Mbaroni maana yake wamekamatwa tu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hadi ithibitike ana hatia. Katiba ya Kenya ya 2010 ina haki hiyo ibara ya 50(2)(a). Wewe umeshawahukumu kabla ya hakimu. Fuata hatua walizofikia: akikamatwa ni *mtuhumiwa*, akisomewa shtaka ni *mshtakiwa*, akikosa dhamana ni *mahabusu*, akitiwa hatiani na kufungwa ni *mfungwa*. Andika "Watatu mbaroni kwa tuhuma za unyang'anyi". Bado ni kifupi, na hakikupeleki mahakamani kwa kashfa.

"Majambazi wavamia duka" halina shida hiyo, kwa sababu hujamtaja mtu. Unaeleza tendo, na waliolitenda hawajulikani. Shida huanza pale neno linapobandikwa kwenye sura au jina.

Mhariri_Zamu

Nashukuruni sana. Limebaki moja dogo: "majambazi wawili" au "majambazi mawili"? Na "jambazi wa" au "jambazi la"?

Nyuma_ya_Neno

Wawili. Ngeli ya ji-/ma- inatawala umbo la nomino tu. Kwa kuwa ni mtu, upatanisho unakwenda kwa a-/wa-: jambazi huyu amekimbia, majambazi wawili wamekimbia. Ukisema "jambazi hili limekimbia" umemtoa kwenye ubinadamu, umelikuza na kulidharau kwa pamoja. Mtaani sawa, kwenye habari hapana.

Kwa a-unganifu, "jambazi wa". Utasikia "jambazi la kutupwa", na hilo liache lilivyo, ni usemi wenye dharau yake makusudi.

Kijiti_Kavu

Nimekubali la *m-*. Ila *mjambazi* nimewahi kuliona limeandikwa mtandaoni, na *wajambazi*.

Mzizi_na_Tawi

Yapo, mkuu, na ni ushahidi wa upande wangu. Ni watu wanaojaribu kumpa mgeni *m-* asiyokuja nayo, kwa kuwa sikio linadai mtu awe na *m-*. Kama neno lingekuwa la Kibantu tangu mwanzo, pasingekuwa na cha kurekebisha.